Je, kulia msibani ni upungufu wa imani?

"Jikaze, usimkufuru Mungu." Maneno haya husikika misibani, na wanaoyasema hukusudia kufariji. Nyuma yake kuna imani ya siku nyingi kwamba mtu aliyekomaa kiroho hupokea mtihani kimya, bila chozi wala swali.

Maandiko yanasimulia vingine. Ayubu hukumbukwa kwa "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", maneno ya sura ya 1. Sura ya 3, anapoilaani siku aliyozaliwa, haisomwi sana matangani. Analalamika kwa sura nyingi, lakini katika 42:7 Mungu anasema ni yeye aliyenena yaliyo sawa, si rafiki zake waliokuwa wakimlaumu. Yesu naye analia katika Yohana 11:35.

Kwa Waislamu, Qur'ani 12:84 inamweleza Nabii Yakubu akipofuka kwa huzuni, na katika aya ya 86 anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni hiyo. Ni yeye huyohuyo aliyetaja subira njema katika aya ya 83. Kinachokatazwa ni mayowe, kujipiga na kuchana nguo, machozi hayakatazwi.

Ukitumiwa aya moja kwenye WhatsApp, fungua sura nzima. Tazama nani anasema, na anamwambia nani, kisha muulize sheikh, padri au mchungaji wako. Kwa Ayubu hili lina uzito wa pekee, maana baadhi ya mistari inayopendeza zaidi ni ya wale rafiki ambao Mungu aliwakemea.