Vijana waliotimiza miaka 18 Agosti 1996

Mimi ni mtakwimu wa masuala ya uhalifu. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: mtu akinyang'anywa posho ya serikali, atatafuta kazi au ataiba? Ukilinganisha tu maskini wanaopata posho na wasiopata, hutapata jibu, maana wanatofautiana kwa mengi. Unatafuta watu wanaofanana, waliotenganishwa na bahati.

Marekani, bahati hiyo ilikuwa tarehe. Tarehe 22 Agosti 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya kubana misaada ya serikali kwa maskini. Kuanzia hapo, watoto wenye ulemavu wa familia maskini waliokuwa wakilipwa posho ya serikali iitwayo SSI walitakiwa kupimwa upya wakifikisha miaka 18, kwa vigezo vya watu wazima. Aliyefikisha umri huo wiki moja kabla kwa kawaida aliendelea kulipwa. Mwenzake wa wiki iliyofuata alikuwa hatarini kuondolewa.

Wanauchumi Manasi Deshpande na Michael Mueller-Smith waliwafuatilia vijana hao kwa miongo 2. Kuondolewa kuliongeza mashtaka ya jinai kwa asilimia 20. Lakini hebu tazama ni mashtaka gani. Yale ya makosa yanayoleta pesa, kama wizi, kuvunja nyumba, kughushi na ukahaba, yalipanda kwa asilimia 60. Kila nikisoma matokeo hayo huwa nakwama hapo, kwa sababu naona vijana wanaoziba pengo la kipato. Na ndiyo, wapo waliopata kazi. Ila kwa kila aliyesukumwa kwenye ajira ya kudumu ya dola 15,000 kwa mwaka, wawili hivi walisukumwa kwenye mashtaka ya aina hiyo.

Sheria hiyohiyo iliwafungia stempu za chakula, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, maisha yao yote, waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa ya dawa za kulevya, ingawa majimbo yaliruhusiwa kulegeza. Jimbo la Florida lilibakiza marufuku kwa wasafirishaji wa dawa. Mwanauchumi Cody Tuttle alilinganisha wasafirishaji wa huko waliotenda kosa kabla na baada ya tarehe ile ya Agosti 1996: waliofungiwa walirudi gerezani zaidi, na hapa pia kilichopanda ni makosa ya kutafuta pesa.

Waliopitisha sheria walitaka kumpunguzia mlipa kodi mzigo. Kwa vijana wa SSI, gharama za polisi, mahakama na magereza zilimeza karibu akiba yote. Hapo ni fedha za serikali pekee. Aliyevunjiwa nyumba bado hajahesabiwa.