Kikomo cha mishahara kwenye NHL, na kwa nini timu huachia mchezaji ambaye kila shabiki anamtaka

Kikomo cha mishahara ni kiasi cha juu kabisa ambacho timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, inaruhusiwa kutumia kwa mishahara ya wachezaji katika msimu mmoja. Kwa msimu wa 2025–26 kiasi hicho ni dola milioni 95.5. Kuna na kima cha chini, dola milioni 70.6, ili mwenye timu asijifanye anajenga kikosi kumbe anabana matumizi. Tajiri wa New York na mwenzake wa Winnipeg wanabanwa na namba ileile, na hakuna faini ambayo ukishailipa unaruhusiwa kuvuka. Ukijaa umejaa.

Aliyezoea usajili wa soka hupotea mapema hapa. Kwenye NHL hakuna ada ya uhamisho. Timu hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa chaguo la drafti, yaani zamu ya kuchukua kijana kwenye mgao wa kila mwaka. Anayehama huja na mkataba wake mzima, miaka yote iliyobaki na pesa zote. Ndiyo maana shabiki akipiga kelele kwamba timu imemtoa mtu bure, mara nyingi hajaiona bidhaa iliyopatikana: nafasi ndani ya kikomo.

Utaratibu huu ulizaliwa kwa ugomvi. Wenye timu waliwafungia wachezaji milango, msimu wote wa 2004–05 ukafutwa, na ligi iliporudi 2005–06 ilikuja na kikomo cha dola milioni 39. Tangu mkataba wa kazi wa 2013 mapato yanayohusu hoki hugawanywa nusu kwa nusu kati ya wenye timu na wachezaji, na kikomo hupanda kufuatana na mapato hayo. Korona ilipoziba milango ya viwanja, kikomo kiliganda kwenye milioni 81.5 kwa misimu mitatu. Tutarudi kwenye mgando huo, maana uliziumiza timu zilizokuwa zimepanga mambo yao kwa kutegemea kesho yenye neema.

Kinachohesabiwa si pesa anayopokea mchezaji mwaka huu. Huchukuliwa thamani yote ya mkataba, ikagawanywa kwa idadi ya miaka, na wastani huo ndio unaoandikwa kwenye hesabu kila msimu. Mkataba wa dola milioni 40 kwa miaka 5 ni mzigo wa milioni 8 kila mwaka, hata kama mwaka wa kwanza mchezaji analipwa 11 na wa mwisho 5. Hesabu yenyewe hufanywa kwa siku, na hili wengi hawalijui. Timu iliyokaa na nafasi ya milioni moja tangu Oktoba huwa imelimbikiza akiba, kiasi kwamba mwezi Machi, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, inaweza kumbeba mtu wa zaidi ya milioni 4, kwa sababu italipia siku chache tu zilizobaki. Meneja anayeanza msimu akiwa na nafasi kidogo isiyotumika huenda ndiye mwenye akili kuliko wote, ingawa Oktoba hiyohiyo mashabiki wanamwita bahili.

Tatizo la wastani ni kwamba uliwafundisha watu ujanja. Ukiongeza miaka mingi ya mwisho yenye mshahara mdogo, wastani unashuka. Mwaka 2010 New Jersey Devils walimpa Ilya Kovalchuk mkataba wa miaka 17 wa dola milioni 102. Ligi iliukataa, na msuluhishi akaiunga mkono ligi. Mikataba mingine ya aina hiyo ilipita, na mkubwa wa kusomea ni ule wa Minnesota Wild.

Tarehe 4 Julai 2012 Wild waliwasaini winga Zach Parise na beki Ryan Suter siku moja, kila mmoja miaka 13 kwa dola milioni 98. Wastani: milioni 7.54 kwa kichwa. Pesa nyingi zililipwa miaka ya mwanzo, mkia ukabaki mwembamba. Kiangazi cha 2021 timu iliamua kuwavunjia mkataba wote wawili.

Kuvunja mkataba kuna kanuni yake. Mchezaji mwenye miaka 26 au zaidi hulipwa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, na malipo hutandazwa kwa miaka mara mbili ya ile iliyobaki. Aliye chini ya umri huo hulipwa theluthi moja. Kila mmoja kati ya Parise na Suter alikuwa amebakiza misimu minne yenye mishahara ya milioni 6, 2, 1 na 1, jumla milioni 10. Theluthi mbili ni milioni 6.67, na ukiigawa kwa miaka 8 unapata dola 833,333 kwa mwaka. Kwa mfuko wa mwenye timu ni nafuu kubwa. Lakini kikomo hakiangalii mfuko. Kinachukua wastani wa zamani, 7.54, na kuondoa tu kile ambacho timu imekiokoa mwaka huo. Mwaka ambao mshahara ulikuwa milioni 1, timu imeokoa dola 166,667, basi. Mzigo unabaki milioni 7.37 kwa mtu ambaye anavaa jezi ya timu nyingine.

Kwa hiyo Wild walibeba milioni 4.74 msimu wa kwanza kwa wachezaji hao wawili, 12.74 msimu wa pili, kisha 14.74 misimu miwili mfululizo hadi 2024–25. Fikiria kuingia ligini msimu ambao kikomo ni milioni 88, mpinzani wako anazo 88 zote na wewe mkononi una 73. Juni 2022 wakamtoa Kevin Fiala, aliyekuwa ametoka kufikisha pointi 85 (mabao na pasi za mabao kwa pamoja), kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuuweka mkataba wake mpya. Aliyelaumiwa ni meneja wa siku ile, ila Fiala aliondoka kwa sababu ya wino wa 2012. Haki isemwe pia: kwa Fiala walipata beki Brock Faber na chaguo la raundi ya kwanza, na Faber amegeuka nguzo ya timu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo biashara bora iliyofanywa na timu iliyobanwa kiasi hicho, na wanaoendelea kuililia wanaangalia pointi za Fiala peke yake.

Zipo njia nyingine za kupumua. Timu inaweza kumtoa mchezaji huku ikibaki na sehemu ya mshahara wake, isizidi nusu, na isiwe na mikataba zaidi ya mitatu ya aina hiyo kwa wakati mmoja. Inaweza kumshusha ligi ndogo, lakini nafuu yake kwa msimu wa 2025–26 ni dola milioni 1.15 tu. Nyota aliyechoka wa milioni 6 ukimficha huko bado anakula 4.85. Na kuna orodha ya majeruhi wa muda mrefu, ambayo imeleta ugomvi kuliko zote.

Hii haifuti mshahara wa majeruhi. Hadi 2024–25 iliiruhusu timu kuvuka kikomo kwa kadiri ya mshahara huo, ikiwa mchezaji angekosa angalau mechi 10 na siku 24. Tundu lilikuwa kwamba kikomo kilifanya kazi hadi msimu wa kawaida unapoisha, kisha hatua ya mtoano ikachezwa bila kuhesabu chochote. Nikita Kucherov wa Tampa Bay Lightning alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akakosa msimu wote wa kawaida wa 2020–21, akarudi mechi ya kwanza ya mtoano, akaongoza kwa pointi 32, na Tampa wakabeba Kombe la Stanley, taji la ligi, wakiwa juu ya kikomo kwa takriban milioni 18. Hawakuvunja sheria yoyote. Jeraha lilikuwa la kweli, na ni sheria iliyokuwa imelala. Kuanzia 2025–26 wachezaji wanaovaa kucheza mechi ya mtoano ni lazima mikataba yao ienee ndani ya kikomo, jambo ambalo lingepaswa kuwapo tangu siku ya kwanza.

Sasa uje kwenye makosa halisi ya mameneja, maana si kila kitu ni bahati mbaya.

Kosa la kwanza ni la mpangilio. Mchezaji kijana aliyemaliza mkataba wake wa kwanza haondoki kirahisi: timu yake ina haki ya kulinganisha ofa yoyote atakayopewa kwingine, ndani ya siku 7. Ikikataa kulinganisha, inalipwa chaguo za drafti kulingana na ukubwa wa ofa. Mwaka 2024 Edmonton Oilers walitoka fainali wakiwa wamepoteza mechi ya saba kwa Florida. Julai mosi wakakimbilia sokoni na kuwasaini wakongwe, wakiwemo Jeff Skinner na Viktor Arvidsson, huku vijana wao wawili, beki Philip Broberg na winga Dylan Holloway, wakiwa hawana mkataba. Agosti, Oilers wakiwa wamejaa pomoni, St. Louis Blues wakaleta ofa mbili kwa mpigo.

Tazama namba zenyewe. Broberg alipewa dola 4,580,917 kwa mwaka, na Holloway 2,290,457. Hizo si namba za kubahatisha. Zote mbili zilikuwa dari kamili ya daraja la fidia: dola moja zaidi kwa Broberg na Blues wangedaiwa chaguo la raundi ya kwanza na la tatu badala ya la pili, dola moja zaidi kwa Holloway na wangedaiwa la pili badala ya la tatu. Na kwa kuwa fidia lazima iwe chaguo la timu yenyewe, kwanza walikuwa wamelirudisha chaguo lao la raundi ya pili kutoka Pittsburgh. Edmonton hawakulinganisha hata moja. Msimu uliofuata Holloway alifunga mabao 26 na kumaliza na pointi 63. Ilipofika kiangazi cha 2025, Skinner na Arvidsson wote walikuwa wameshaondoka Edmonton. Somo hapa halihitaji busara ya uzeeni: unasaini kwanza anayeweza kuporwa, ndipo unakwenda sokoni.

Kosa la pili ni kusubiri hadi mchezaji ashike usukani. Toronto Maple Leafs waliweka karibu nusu ya kikomo cha milioni 81.5 kwa washambuliaji wanne: Auston Matthews, John Tavares, Mitch Marner na William Nylander. Mpango ulitegemea kikomo kupanda, kikaganda. Hapo nawaonea huruma. Lakini mkataba wa Marner ulikuwa na kifungu kilichoanza kazi Julai 2023 kinachompa haki ya kukataa kuhamishwa popote. Kabla ya siku hiyo timu ingeweza kupata mali nzito kwa ajili yake. Baada yake, neno la mwisho likawa lake, na 2025 akaenda Vegas kwa mkataba wa miaka 8 wa milioni 12 kwa mwaka, Toronto wakipata mshambuliaji Nicolas Roy tu. Miaka yote hiyo ya wanne hao, Leafs walivuka raundi ya kwanza mara mbili tu, 2023 na 2025.

Kosa la tatu ni kuhesabu dola bila kuhesabu asilimia. Winga Kirill Kaprizov aliposaini na Minnesota Septemba 2025 kwa milioni 17 kwa mwaka, zilisikika kelele kwamba ligi imerukwa na akili. Mkataba wake unaanza 2026–27, msimu ambao kikomo kimepangwa kuwa milioni 104. Hiyo ni asilimia 16 na kidogo. Kwenye kikomo cha 2018–19, kilichokuwa milioni 79.5, uzito huohuo ungekuwa milioni 13. Ni ghali, ila ni bei ya kawaida ya nyota wa daraja lake.

Kwa mzani huohuo upime uamuzi wa Connor McDavid, nahodha wa Oilers, wa Oktoba 2025. Aliongeza miaka miwili tu Edmonton kwa milioni 12.5, wastani uleule aliokuwa nao tangu 2018. Wakati ule alikuwa asilimia 15.7 ya kikomo; 2026–27 atakuwa asilimia 12. Amewaachia Oilers karibu milioni 4 za nafasi kila msimu, na akaweka tarehe ya mwisho, kiangazi cha 2028. Nafasi hiyo ikiishia tena kwa winga wa miaka 33 anayesainiwa Julai mosi, hakuna wa kumlaumu nje ya ofisi ya meneja.