Je, wajua kwa nini Wamarekani hufundisha sarufi kwa maandishi ya miaka 250 iliyopita?

Mwaka 1773 kilichapishwa London kitabu cha mashairi cha Phillis Wheatley, binti aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi, akauzwa Boston mwaka 1761. Hata jina Phillis halikuwa lake. Lilikuwa jina la meli iliyomleta. Mwanzoni mwa kitabu iliwekwa hati yenye saini za waungwana 18 wa Boston, akiwemo gavana, wakishuhudia kwamba mashairi ni ya binti huyo kweli, maana wengi hawakusadiki kwamba Mwafrika mtumwa angeweza kuandika namna ile. Ndani mna shairi la mistari minane tu, na miwili ya mwisho imewapa kazi walimu wengi wa Kiingereza nchini Marekani:

"Remember, Christians, Negros, black as Cain,
May be refin'd, and join th' angelic train."

Zitazame alama za mkato. Msomaji mmoja ataelewa hivi: "Kumbukeni, enyi Wakristo, kwamba watu weusi, weusi kama Kaini, wanaweza kutakaswa na kujiunga na msafara wa malaika." Mwingine ataelewa hivi: "Kumbukeni kwamba Wakristo na watu weusi, wote weusi kama Kaini, wanaweza kutakaswa." Katika usomaji wa kwanza Mkristo mweupe ameketi pembeni, anaelezwa habari za mtu mwingine. Katika wa pili ametiwa kapu moja na huyo mwingine, na weusi wa Kaini, yaani dhambi, ni wake pia. Maneno ni yale yale na alama ni zile zile. Kinachobadilika ni jibu la swali la kisarufi: neno "Wakristo" ni mwito kwa wanaosikiliza, au ni sehemu ya kiima cha sentensi? Binti huyu, akiwa bado mali ya watu, hakuwa na nafasi ya kuwaambia mabwana zake waziwazi kwamba wao nao wana doa. Sarufi ilimpa nafasi hiyo.

Marekani kila jimbo, na mara nyingi kila wilaya ya shule, hujipangia mambo yake ya elimu. Hata hivyo imezoeleka kwamba darasa la 11, mwaka mmoja kabla ya kumaliza sekondari, ni mwaka wa fasihi ya Kimarekani. Kijana wa miaka 16 au 17 hukutana na kumbukumbu za William Bradford, gavana wa koloni la Plymouth, mashairi ya Anne Bradstreet yaliyotoka London mwaka 1650, mahubiri ya Jonathan Edwards, kijitabu cha Thomas Paine cha Januari 1776, kisha Tangazo la Uhuru lenyewe. Mtu aliyezoea fasihi ya riwaya na tamthilia atauliza: hii si historia? Mahubiri na tangazo la serikali vimeingiaje katika somo la lugha, tena pamoja na sarufi?

Nchi ile ilianzishwa kwa sentensi zilizoandikwa na kutiwa saini, na watu wake hawajaacha kuzigombania: nani yumo ndani ya sentensi, nani ameachwa nje, nani ametenda na nani ametendwa. Maswali hayo ni ya kisiasa, lakini chombo cha kuyajibia ni sarufi.

Wazo la kuviweka vitu hivi pamoja ni la zamani. Mwalimu Noah Webster alitoa mfululizo wa vitabu vitatu: cha tahajia mwaka 1783, cha sarufi mwaka 1784 na cha usomaji mwaka 1785. Alitaka watoto wa taifa jipya waache kulelewa na vitabu vya Uingereza. Ndiye huyo ambaye baadaye, katika kamusi yake ya mwaka 1828, aliimarisha tahajia za Kimarekani tunazoziona hadi leo, kama kuandika "color" bila ile "u" ya Waingereza.

Lakini sarufi ya darasani ikaja kushika njia yake peke yake. Wanafunzi walikariri kanuni na kukatakata sentensi zilizotungwa kwa ajili ya zoezi tu. Mwaka 1877 Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, walimu wa Brooklyn, walitoa kitabu kilichoeneza uchanganuzi wa sentensi kwa michoro: mstari wa mlalo, kiima kushoto, kitenzi kulia, na vivumishi vikining'inia chini kwa mishazari. Aliyepita sekondari zetu akachanganua sentensi kwa matawi atautambua mchoro huo mara moja kuwa ni ndugu. Mimi nauheshimu, maana humlazimisha mtu aone kila neno linamtumikia nani. Ila mwaka 1963 Richard Braddock na wenzake, baada ya kupitia tafiti za ufundishaji wa uandishi, walihitimisha kwamba sarufi rasmi inayofundishwa peke yake haiboreshi uandishi wa mwanafunzi, na huenda ikamdhuru kwa kumla muda wa kuandika. Mwaka 1985 chama cha kitaifa cha walimu wa Kiingereza kilipitisha azimio dhidi ya mazoezi ya sarufi yaliyotengwa na kusoma na kuandika. Basi sarufi ikarudishwa ndani ya matini. Kisha viwango vya pamoja vya elimu vya mwaka 2010, vilivyokubaliwa na majimbo mengi, vikataja Tangazo la Uhuru, dibaji ya Katiba na marekebisho yake ya mwanzo kuhusu haki za raia, kwa majina, kuwa maandishi ya kusomwa katika somo la Kiingereza la darasa la 11 na 12.

Tuingie darasani sasa. Tarehe 8 Julai 1741 Jonathan Edwards alihubiri Enfield, mji ulio katika Connecticut ya leo, juu ya wenye dhambi walio mikononi mwa Mungu mwenye hasira. Shahidi aliyekuwapo aliandika kwamba vilio vilizidi hadi mhubiri akalazimika kunyamaza. Siri ya nguvu ile ni nini? Mwalimu mzuri huwaambia wanafunzi wazungushie duara kila "you". Sentensi mashuhuri zaidi inasema, kwa Kiswahili changu: Mungu anayekushika juu ya shimo la jehanamu, kama mtu amshikavyo buibui juu ya moto, anakuchukia. Mtenda ni Mungu tangu mwanzo hadi mwisho. Msikilizaji ni yambwa tu: anashikwa, anachukiwa. Hana kitenzi hata kimoja cha kwake.

Hapa mimi niliyelelewa na Kiswahili naona jambo ambalo Mmarekani huenda asilione haraka. Neno "you" halisemi kama ni wewe au ninyi. Mfasiri wa Kiswahili lazima achague: "anakuchukia" au "anawachukia". Akichagua "anawachukia", kila mtu atajificha nyuma ya jirani yake. Edwards hakulazimika kuchagua. Alihutubia kanisa zima, na kila mmoja akasikia ameitwa peke yake.

Tangazo la Uhuru la Julai 1776 ndilo shamba lenye rutuba kuliko yote. Sentensi yake ya kwanza ina maneno 71. Mwalimu huuliza: kiima cha kishazi huru kiko wapi? Wanafunzi huhangaika, maana maneno 50 ya mwanzo yote ni kishazi tegemezi. Kiima, ambacho ni "heshima" kwa maoni ya wanadamu, ni neno la 53, na kitenzi chake, "yadai", ni la 59. Kabla msomaji hajajua wanaoandika wanataka nini, ameshapitishwa katika mwendo wa mambo ya wanadamu, sheria za maumbile na Mungu wa maumbile. Tena huo utengano wao na Uingereza hawasemi kwamba wameutaka. Wanasema "inapokuwa lazima". Ni lazima isiyo na mwenyewe. Waasi wamejiandika kama watu wanaotii jambo lililo kubwa kuliko wao, na wamelifanya hilo kwa muundo wa sentensi.

Inafuata ile inayojulikana dunia nzima, kwamba watu wote wameumbwa sawa. Rasimu ya Thomas Jefferson ilisema ukweli huo ni "mtakatifu na usiokanika". Maneno hayo yakaondolewa, ukawekwa ukweli "ulio dhahiri wenyewe". Neno la madhabahuni limetoka, limeingia la mwanahisabati asiyehitaji kuthibitisha jambo lililo wazi. Lakini "watu wote" ni tafsiri yetu. Kiingereza kimesema "all men", na neno hilo laweza kuwa wanadamu, laweza kuwa wanaume. Kiswahili hakina maficho hayo: ukisema watu, mwanamke yumo, ukisema wanaume, umemtoa. Waliotia saini waliachiwa na lugha yao wasilijibu swali. Mwaka 1848, huko Seneca Falls katika jimbo la New York, Elizabeth Cady Stanton na wenzake walilijibu kwa maneno mawili. Waliiandika upya sentensi ile ile, wakasema "wanaume na wanawake wote wameumbwa sawa".

Hawakuishia hapo. Tangazo la mwaka 1776 lina orodha ndefu ya mashtaka, 27 kwa hesabu ya kawaida, na mengi yanaanza kwa "He has": amekataa, amevunja, amezuia, amepora. Mtuhumiwa ni Mfalme George wa Tatu. Bunge la Uingereza, lililopitisha zile kodi zilizochoma watu, katika orodha hiyo limeitwa "wengine" tu. Kumshtaki mtu mmoja kwa kitenzi kimoja baada ya kingine kunauma zaidi kuliko kulishtaki bunge. Wanawake wa Seneca Falls walichukua "He has" hiyo hiyo, wakabadilisha mwenyewe: sasa aliyenyima, aliyepora, aliyefunga milango ni mwanamume. Kwa Kiswahili hila hiyo ingepotea kidogo, kwa sababu "a-" yetu haisemi jinsia. Ingebidi mshtakiwa atajwe wazi.

Kuna shtaka moja ambalo wanafunzi hawalikuti katika Tangazo lililopitishwa. Rasimu ya Jefferson ilikuwa na "He has" nyingine, ikimlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa na kuiita vita dhidi ya ubinadamu wenyewe. Kongresi, yaani baraza la makoloni lililopitisha Tangazo, ililifuta. Na aliyeliandika alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Nionavyo, somo la sarufi lisilofika hapa halijamaliza kazi: baada ya kumtafuta kiima ndani ya sentensi, mtafute pia aliyefutwa pamoja na sentensi yake.

Anayedhani haya ni mambo ya darasani tu na ayatazame marekebisho ya pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Ni sentensi moja ya maneno 27. Nusu ya kwanza inataja wanamgambo walioratibiwa vema kuwa wa lazima kwa usalama wa dola huru. Nusu ya pili inasema haki ya watu ya kumiliki na kubeba silaha haitavunjwa. Vipande hivi vinaunganishwaje? Kuna "being", na kuna mikato mitatu. Mwaka 2008 swali hilo lilikuwa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Heller, na wanaisimu waliwasilisha hoja zao juu ya muundo wa sentensi hiyo. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kipande cha kwanza ni utangulizi usioibana haki iliyomo katika cha pili, kwa hiyo haki ya silaha ni ya mtu binafsi hata kama si mwanamgambo. Wale wanne waliona kwamba kipande cha kwanza ndicho kinachotoa maana ya cha pili. Jaribu kuitafsiri uone. Ukiandika "kwa kuwa wanamgambo ni wa lazima", umeshaegemea upande mmoja. Ukiandika "wanamgambo wakiwa ni wa lazima", umeacha mlango wazi, kama walivyouacha waandishi wenyewe.

Leo katika madarasa hayo wamo vijana wanaozungumza Kiswahili nyumbani, wengi wao wa familia za wakimbizi kutoka Kongo. Wanapewa Tangazo la mwaka 1776 wakiwa bado wanahangaika na Kiingereza cha mtaani, na ni rahisi wakajiona wako nyuma kuliko wenzao. Mzazi anayeketi na mtoto jioni, hata kama Kiingereza chake ni cha kubabaisha, anaweza kumsaidia kwa kumwomba kitu kimoja: nitafsirie sentensi hii kwa Kiswahili. Mtoto atafika kwenye "men" na kukwama, watu au wanaume? Atafika kwenye "you" na kukwama, wewe au ninyi? Kesho mwalimu akiuliza utata uko wapi katika matini, atakuwa na jibu mkononi, na ataweza kueleza kwa nini pale pale ndipo aliposimama.