Je, wajua kemikali za kwenye plastiki zinaweza kuchangia unene?

Pita Kilombero hapa Arusha au Kiborloni kule Moshi mida ya mchana, utakuta chipsi za moto zinatiwa kwenye nailoni, chai inachemka inamiminwa kwenye kikombe cha plastiki, na majiko mengine wali unafunikwa na mfuko ili uive kwa mvuke. Tukiongelea vitambi tunataja soda, mafuta na kukaa tu, na ni kweli hivyo ndo vinachangia zaidi, ila kuna kitu kingine wengi hatukijui.

Mwaka 2006 Felix Grün na Bruce Blumberg wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walizipa kemikali zinazousukuma mwili utengeneze mafuta jina la obesojeni. Zinafanyaje kazi? Mwilini kuna seli changa ambazo zinaweza kuja kuwa mfupa au kuwa mafuta, na homoni ndo zinaziamulia. Ndani ya seli kuna kipokezi kinaitwa PPAR gama, kikiwashwa seli inaelekea kwenye mafuta. Sasa kemikali ya tributilitini, iliyokuwa inatiwa kwenye rangi za meli ili viumbe wa baharini wasijishikize kwenye meli (ikaja kupigwa marufuku dunia nzima 2008), inakiwasha hicho kipokezi yenyewe bila homoni kusema chochote. Panya wenye mimba walipopewa, watoto wakawa na mafuta mengi, na utafiti wa 2013 ukayaona hayo hadi kwa vitukuu ambao wenyewe hawakupewa chochote!

Kwenye plastiki sasa kuna BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki, nayo inaigiza estrojeni (homoni ya kike), ipo kwenye plastiki ngumu ya polikaboneti, kwenye utando wa ndani wa baadhi ya makopo ya chakula na kwenye baadhi ya karatasi za risiti zinazochapwa kwa joto, aina ile ile ya zinazotoka kwenye mashine za EFD. Ulaya waliipiga marufuku kwenye chupa za watoto 2011.

Mimi kinachoniumiza zaidi ni wajawazito na watoto, kwa sababu idadi ya seli za mafuta inajengeka utotoni na ujanani, ukishakuwa mtu mzima ukikonda zinanywea tu ila idadi inabaki pale pale, kwa hiyo mtoto akianza na nyingi anakuwa na kazi kubwa maisha yake yote.

Ushahidi ulio imara ni wa wanyama. Kwa binadamu tafiti nyingi zinaonyesha tu kwamba wenye kemikali hizi nyingi kwenye mkojo mara nyingi ni wanene pia, na inawezekana mtu anayekula sana vya kopo anapata vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo usiache mazoezi ukasingizia plastiki.

Ila joto na mafuta ndo vinazitoa kemikali kwenye plastiki kwa haraka, hilo halina ubishi. Mama yangu, dada yangu, nenda na hotpoti ya chuma au bakuli la udongo kununua chakula, wali funika na jani la mgomba, Moshi yamejaa kila kihamba (shamba la nyumbani), na uji wa mtoto uache upoe kwanza kabla hujautia kwenye chombo cha plastiki.