Usalama wa mtandaoni chuoni: maana yake, na kazi hiyo ni ya nani

Ukiuliza katika chuo cha Nairobi ni nani anayeshughulikia usalama wa mtandaoni, mara nyingi utaelekezwa kwenye chumba cha seva, kwa kijana wa ICT, idara ya kompyuta na mawasiliano. Jibu hilo ni nusu tu. Kijana huyo analinda mitambo: potali ya wanafunzi isizimwe, alama za mitihani zisichezewe, virusi visiingie kwenye kompyuta za maktaba. Usalama wa mtandaoni chuoni, kwa maana kamili, ni wajibu wa chuo kuhakikisha kwamba mwanafunzi, mhadhiri, karani wa ada na askari wa langoni hawaumizwi kupitia intaneti na simu, na kwamba atakayeumizwa ana mtu wa kumwendea na mtu huyo atafanya jambo.

Tofauti ya nusu hizo mbili inaonekana vizuri kwenye mifano. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilimiminiwa maombi bandia mengi kwa wakati mmoja mpaka ikalemewa, na watu wakakwama bila huduma. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Hilo lilikuwa shambulio dhidi ya mfumo. Sasa mfikirie mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye picha zake za faragha zinazungushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Hakuna seva iliyodukuliwa, hakuna pasiwadi iliyoibwa, potali inafunguka kama kawaida. ICT wakiulizwa watasema mfumo uko salama, na watakuwa wanasema kweli.

Jambo hili si la watu wachache. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 kwa ushirikiano wa UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, na Chuo Kikuu cha Nairobi uligundua kwamba karibu asilimia 90 ya vijana katika vyuo vya Nairobi wamewahi kushuhudia ukatili wa kijinsia unaofanywa kwa kutumia teknolojia, na asilimia 39 umewapata wao wenyewe.

Tuanze na hadaa, yaani ujumbe wa uongo unaomlaghai mtu atoe pesa au siri zake, kwa kuwa ndiyo inayowakumba wengi. Wiki ya usajili ndiyo msimu wake wa mavuno. Mwanafunzi mgeni ametoka Kitui au Busia, barua ya KUCCPS (taasisi inayowagawia wanafunzi nafasi za chuo) mkononi, hajui hosteli iko wapi, na mzazi anapiga simu kila baada ya saa moja. Ujumbe unaingia: chumba chako hakijathibitishwa, tuma shilingi 3,500 kwa namba hii kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Zile SMS za “ile pesa tuma kwa namba hii”, ambazo mzaha wa mtaani husema zinatoka gereza la Kamiti, siku hizi watu huzicheka. Hii haichekeshi, kwa sababu inamtaja mwanafunzi kwa majina yake yote matatu na kozi aliyoitiwa.

Tapeli ameyapata wapi hayo? Mara nyingi hakuhitaji kudukua chochote. Mtu fulani ofisini alituma orodha ya waliosajiliwa kwenye kundi, yenye majina, namba za kitambulisho na namba za simu, ili “wahusika wathibitishe”. Kundi lina watu mia tatu na hakuna anayewajua wote. Kuanzia hapo orodha haina mwenyewe tena. Kwa maoni yangu, hapa ndipo vyuo vinapojidanganya zaidi: vinaandaa semina ya kuwafundisha wanafunzi kutambua hadaa, huku ofisi zao zenyewe zikiwagawia matapeli vifaa vya kazi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikubali mchezo huo. Chuo kinakusanya taarifa za watu, kwa hiyo kinawajibika kuzitunza, kutumia zile tu kinazohitaji, na kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kigundue uvujaji unaoweza kuwadhuru wenye taarifa. Faini zipo na zimetozwa. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Wanafunzi wa chuo ni watu wazima, lakini hilo halimaanishi picha zao ni mali ya idara ya matangazo. Alama zinazobandikwa kwenye kundi zikiwa na majina zinaingia humu humu, hata kama kila mwenyekiti wa darasa amezoea kufanya hivyo.

Wafanyakazi husahaulika katika mazungumzo haya, ilhali wao ndio wanaoshika pesa na alama. Hadaa inayowalenga haina haja ya ujanja mkubwa. Ijumaa saa kumi alasiri, karani wa uhasibu anapata baruapepe iliyoandikwa jina la mkuu wa chuo: niko mkutanoni, siwezi kupokea simu, mlipe huyu mkandarasi leo, nitakuletea hati Jumatatu. Anwani inatofautiana na ile halisi kwa herufi moja. Karani anashuku, lakini nani atampigia Profesa kumuuliza kama kweli ameandika? Heshima yetu kwa wakubwa ndiyo mlango anaopitia mwizi. Programu ya kuchuja baruapepe haiwezi kuufunga. Mkuu wa chuo mwenyewe anaweza, akisema mbele ya wafanyakazi wote kwamba hakuna malipo yanayofanyika kwa agizo la baruapepe pekee, na kwamba atakayempigia kuhakikisha, hata usiku, hatakaripiwa.

Wahadhiri wana shida zao pia. Kipande cha sekunde kumi cha somo kinarekodiwa, kinakatwa vibaya, kinapandishwa TikTok, na kufikia jioni mtu ametukanwa na maelfu wasiomjua. Chuo kinachomwachia mhadhiri huyo apambane peke yake hakijaelewa wajibu wake.

Kuhusu akaunti, mambo ni yale yale ya siku zote, nami nitayapitia haraka. Uthibitisho wa hatua mbili (pasiwadi, kisha namba ya muda) uwashwe kwenye baruapepe ya chuo, kwa sababu ndiyo inayofungua vingine vyote. Ni bora namba za uthibitisho zitoke kwenye programu maalumu ndani ya simu kuliko kwa SMS, maana laini ikihamishwa na tapeli, SMS zote zinamfuata yeye. Wenye laini za Safaricom wanaweza kupiga *100*100# kuzuia laini isibadilishwe kiholela. Na kwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi, uliyeingia potali kuchapisha fomu, toka kwenye akaunti kabla ya kulipia karatasi zako.

Picha za faragha zinastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo msaada wa kwanza huharibu mambo. Mwanafunzi anafika ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na swali la kwanza analoulizwa ni kwa nini alipiga picha hizo. Wengine huishia hapo na hawarudi tena. Sheria haiulizi swali hilo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inamlenga anayesambaza: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Ofisi inapaswa kumsaidia mhusika kuhifadhi ushahidi kabla ya kufuta chochote: picha za skrini zinazoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na jina la kundi. Kisha kuna StopNCII, huduma ya bure kwa watu wazima iliyoanza 2021. Picha haitumwi popote. Simu yenyewe inatengeneza alama ya kipekee ya picha hiyo, kama alama ya kidole, na kampuni zinazoshiriki hutumia alama hiyo kuitambua picha na kuizuia ikipandishwa. Namba 1195 nayo hupigwa bila malipo kwa anayehitaji msaada kuhusu ukatili wa kijinsia.

Nje ya chuo, kila jambo lina mlango wake. Malalamiko ya taarifa binafsi huenda kwa Kamishna wa Data. Mashambulio ya mifumo hupokelewa na KE-CIRT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na vyuo vilivyounganishwa na KENET, mtandao wa intaneti wa taasisi za elimu, vina wataalamu wa huko wa kuwaita. Uhalifu ni kazi ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Ujumbe wa matapeli hutumwa kwa namba ya Safaricom, 333, bure. Ikiwa pesa imeshatumwa kwa M-Pesa, tuma ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo, kabla hata ya kumtafuta mtu wa kukushauri, kwa sababu mpokeaji akishaitoa kwa wakala hakuna salio la kurudisha.