Wundanyi wikendi: vitu tunavyodanganyana hapa Nairobi

Kila nikisema nilienda Wundanyi, ule mji ulio juu kwenye Milima ya Taita, lazima mtu aniulize "ah Taita Hills, uliona simba wangapi?" na mimi huwa nashindwa nianzie wapi. Simba zero. Niliona kabeji, ndizi, ukungu, na watoto wa shule wakipanda mlima mbio huku mimi nimekaa kwa jiwe nikihema kama pampu ya baiskeli.

Basi wacha niyaseme yote mara moja juu mwezi huu pekee watu watatu wameniuliza nawapangia aje safari, na wote watatu wako na mawazo yaleyale ambayo hata mimi nilikuwa nayo kabla nipoteze pesa.

Tuanze na hiyo ya simba. Watu wanadhani Taita Hills ni ile lodge ya kwa picha, ile imejengwa juu ya nguzo na ndovu wanakunywa maji chini. Hiyo lodge iko, ni ya ukweli, na ni poa kama mfuko unaruhusu, lakini iko chini kwa tambarare, ndani ya hifadhi ambayo imebeba tu jina la milima. Milima yenyewe iko juu yake. Ukifika Mwatate barabara inagawanyika, moja inanyooka kuelekea Bura, Maktau hadi Taveta kule mpakani, nyingine inakata inaanza kupanda kona kwa kona hadi Wundanyi. Sisi tulikuwa wanne, na mmoja wetu (simtaji, anajijua) alibuku rumu mahali fulani online juu jina lilikuwa na "Taita Hills" ndani yake. Tulifika Mwatate ndio tukagundua rumu iko upande mwingine kabisa na ile gari tumepanda inaenda juu. Deposit haikurudi. Kwa hivyo ukibuku usisome jina, uliza swali moja tu: uko Wundanyi mjini, au uko barabara ya Taveta?

Ya pili, na hii ndio inaumiza watu wengi: "Taita si ni pwani, beba kaptula." Kweli zamani ilikuwa Mkoa wa Pwani, na ukishuka Voi utapigwa na jua hadi uamini, maana Voi iko kama mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari na ni kukavu. Lakini kilele cha Vuria, huko juu milimani, kiko mita 2,208. Nairobi yetu hii iko kama 1,700. Yaani unatoka Nairobi unashuka kwa joto alafu unapanda tena, na ukienda Vuria uko juu kuliko mahali ulitoka. Upepo unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unavuka nyika yote hiyo bila kitu kirefu cha kuuzuia, unagonga hii milima na hapo unageuka ukungu. Ndio maana chini ni vichaka vya miiba na juu kuna mito na mboga za kijani, na mboga nyingi za huko zinaenda kuuzwa Mombasa. Mimi nilifua soksi Ijumaa jioni na Jumapili nikazivaa zikiwa bado na maji. Beba sweta nzito, beba koti la mvua, na viatu vyenye meno chini, juu udongo ule mwekundu ukilowa hata wenyeji wanatembea kwa adabu.

Sasa mambo ya muda. Mtu anakwambia "treni ni masaa manne hadi Voi, tutoke Jumamosi turudi Jumapili, easy." Hebu tuhesabu pamoja. Treni ya SGR inayosimama vituo vya katikati inatoka Nairobi saa mbili asubuhi, na stesheni iko Syokimau si mjini, na lazima ufike mapema juu kuna foleni ya kukaguliwa mizigo na mbwa wa kunusa, na bila kitambulisho hupandi. Tiketi unakata kwa *639# na M-Pesa, hakikisha imeandikwa Voi, maana ukikata tu treni yoyote ya Mombasa unaweza kuiona Voi kupitia dirisha ikikupungia mkono. Voi unafika mchana. Kutoka stesheni unachukua boda hadi steji. Steji gari inajaza, na ikisemekana "imebaki mmoja" kaa ukijua huyo mmoja anaweza kuchukua dakika arobaini kuzaliwa. Alafu Mwatate, alafu kupanda. Umeingia Wundanyi jioni, jua linashuka, Jumamosi imeisha.

Na Jumapili? Treni kama hiyo ya kurudi inatoka Mombasa saa mbili asubuhi, kwa hivyo inapita Voi kabla ya saa sita, kwa hivyo wewe lazima uwe umeshuka mlima mapema sana. Ukijumlisha, umesafiri siku mbili ukaenda kulala.

Mimi ninavyofanya siku hizi: natoka Ijumaa asubuhi na treni, Jumamosi yote ni yangu, Jumapili natembea hadi mchana alafu nashuka Voi kupanda basi ya kurudi Nairobi. Basi inachosha, Mombasa Road na malori yake tunaijua wote, na utaingia Nairobi usiku umekunjika kama chapo. Lakini umeona mahali ulienda. Kama huwezi kutoa Ijumaa kazini, ukweli ni kwamba Wundanyi si ya wikendi hiyo, nenda Kijabe au Naivasha urudi na amani.

Kuna pia wale wa Google Maps. Voi hadi Wundanyi ni kama kilomita 40 hivi, mtu anaona ni kama kwenda Thika. Lami iko hadi juu, sibishi, lakini baada ya Mwatate ni kona tupu na bonde liko palepale chini ya dirisha lako. Kama wewe ni wa kutapika kwa gari kaa mbele na usile mahamri matano Voi. Ukitoka Wundanyi kuelekea vijijini, lami inaisha mahali pengi unaingia murram, na hapo mvua ikinyesha boda ndiye mfalme, bei anasema yeye. Miezi ya mvua ni Machi hadi Mei, alafu Oktoba hadi Disemba.

"Huko ni msitu tu." Hapana. Hii nilikuwa naiamini kabisa, nilikuwa nimejitayarisha kwa kitu kama Aberdare. Ukweli ni kwamba milima imejaa watu na mashamba, matuta yamechongwa hadi kwa miteremko ambayo mimi singesimamisha hata mbuzi, na msitu wa asili umebaki vipande vipande: Ngangao, Chawia, Mbololo na vingine vidogo. Hata miti mingine utakayoipiga picha ni misindano na mikaratusi ya kupandwa. Lakini hivyo vipande, mazee! Milima ya Taita ni sehemu ya safu moja ya zamani sana ambayo karibu yote iko Tanzania, kina Usambara na Uluguru na Udzungwa, na upande wa Kenya ni Taita peke yake. Imekaa imejitenga miaka mingi mno kiasi kwamba viumbe vyake havipatikani kwingine. Kuna ndege wawili wadogo wa Taita, mmoja aina ya mkesha na mwingine kadogo kabisa ka rangi ya kijivu, ambao dunia nzima wako kwa hivi vipande tu na wako karibu kwisha. Kuna ua la zambarau la Mbololo, ndugu wa yale maua ya chungu watu hufuga dirishani Ulaya. Kwa hivyo ukiingia Ngangao na ukaona "msitu wenyewe ni mdogo", ndio hivyo, udogo wake ndio stori yenyewe. Tafuta kijana wa pale akuongoze na umlipe vizuri, juu ukungu ukishuka njia zote zinafanana, na yeye ndiye anajua ndege yuko mti gani.

Hapa sasa nataka tuongee taratibu kidogo. Mapango ya mafuvu. Nairobi ukiyataja mtu anasema uchawi, au anataka kwenda kupiga selfie. Wadawida, yaani Wataita, wa zamani walikuwa wakizika mtu, na baada ya muda fuvu la mzee linafukuliwa linawekwa chini ya mwamba pamoja na ya wazee wengine wa ukoo wake. Ukame ukizidi au mambo yakienda kombo, watu wanaenda pale kuongea na wazee wao. Desturi iliisha dini za kimisheni ziliposhika, lakini mafuvu bado yako, na yana wenyewe. Yule mzee aliyetupeleka alisimama kwanza, akavua kofia, akasema jina la babu yake. Mwenzetu aliyekuwa ameshatoa simu akairudisha mfukoni bila kuambiwa. Usiingie bila mwenyeji, usiguse, na ukitaka picha uliza, ukikataliwa umekataliwa.

Juu hiyo ndio kitu sisi wa Nairobi hatuelewi haraka: Wundanyi ni ushago ya watu, haikujengwa kwa ajili yetu. Hakuna mtu anakungoja na juisi getini. Ukienda kwako ushago si unabeba sukari na majani, si unasalimia kila mtu njiani, si unakula kilichoko? Basi ndio hivyohivyo. Waulize kama kuna kimanga, ile ya kuponda maharagwe na muhogo au ndizi, ukipewa na mboga za asubuhi hiyo utasahau chips. Mbangara, pombe ya miwa, iko pia, hiyo naomba uiheshimu kuliko ulivyoheshimu kona za barabara.

Vuria nendeni asubuhi kabla ukungu haujaamka. Hali ya hewa ikikubali unaona Kilimanjaro. Mara mbili nimepanda, mara moja nimeiona, ile nyingine niliona pua yangu.

Pesa haina stori, M-Pesa iko kila mahali, beba tu noti ndogo za matatu.

Na kama lazima urudi na treni Jumapili, usiku uliotangulia mama wa gesti atakwambia "we lala tu mwanangu, gari ziko nyingi." Ziko kweli. Zinajaza.