Padi ya kinanda: nene si lazima iwe nzuri

Kwa wapiga kinanda wa makanisani Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, imani moja imekita mizizi: padi, yaani ile sauti laini ya kinanda inayoendelea nyuma ya muziki, ikiwa nene, ibada inajaa. Basi mtu anaingia kwenye miksa, ukurasa wa kinanda wa kupanga sauti za kila sehemu, anachagua toni pana kuliko zote, anaipandisha karibu na 127 ambayo ndiyo mwisho wa kipimo, halafu kwaya inasikika kama inaimba ndani ya pipa.

Toni nyingi za padi zimeundwa zivutie zikipigwa peke yake. Zina uzito chini, mng'ao juu na mwangwi mrefu. Ndani ya staili, yaani ule muziki wa kusindikiza ambao kinanda hujipigia chenyewe, huko chini tayari kuna besi, na mara nyingi kijana wa gitaa la besi amesimama papo hapo. Wote wakigombea nafasi moja, hakuna anayeeleweka. Kanisa la mabati lenye sakafu ya saruji nalo lina mwangwi wake, na kinanda kinaongeza mwingine juu yake. Kwa hiyo anza kwa kupunguza: kata uzito wa chini wa padi, shusha mwangwi wake, kisha shusha sauti yake hadi usiisikie waziwazi. Izime ghafla bendi ikiendelea. Ukihisi pengo, umeipatia. Afadhali mwenzako ashike kinanda nawe usikilize ukiwa benchi la nyuma, maana spika iliyo karibu nawe haikuambii wanachosikia waumini.

Wengine husema toni ikiwa tamu, itafaa wimbo wowote. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Kordi ikibadilika kila mapigo mawili, padi ina sekunde moja tu ya kuinuka na kuondoka. Toni inayoinuka polepole itachelewa, na yenye mkia mrefu itaburura kordi ya zamani juu ya mpya. Ndiyo maana padi iliyopendeza kwenye wimbo wa kuabudu huvuruga wimbo wa sifa uliochangamka kwa mwendo wa benga. Kabla ya kuitupa toni hiyo, fupisha muda wake wa kuinuka na wa kufifia. Mara nyingi hilo linatosha.

Kuna wanaochanganya padi ya staili na vile vitufe vinne vya maltipadi. Vitufe hivyo hucheza vipande vifupi unapovibonyeza. Katika vinanda vya Yamaha, padi ninayoizungumzia ni mojawapo ya sehemu nane za staili: midundo miwili, besi, kordi mbili, padi, na frezi mbili, yaani mapambo ya muziki.

Hofu ya kuharibu staili ya kiwandani nayo haina msingi. Kwenye vinanda vya Yamaha kama PSR-SX, staili hizo hazifutiki. Mabadiliko yako huhifadhiwa kama faili mpya kwenye kumbukumbu ya mtumiaji au kwenye flashi. Cha kuogopa ni kusahau kuhifadhi, kwa sababu ukichagua staili nyingine tu, kazi yako imekwenda.

Halafu kuna hili la kunakili staili ya rafiki kutoka Nakuru na kutarajia isikike vilevile Kisumu. Faili ya kawaida ya staili hubeba noti na namba za toni, lakini sauti zenyewe hubaki ndani ya kinanda. Ikiwa padi yake ilitumia toni ya nyongeza ambayo wewe huna, kinanda chako kitaweka nyingine au sehemu hiyo itanyamaza. Fungua miksa, tafuta sehemu ya padi, uipe toni iliyomo kwenye kinanda chako, kisha uihifadhi kwa jina jipya kabla ya mazoezi ya Jumamosi.